Msimu ambao hatukushinda hata mechi moja

Jamani, tuanze na hesabu ili mutu asitucheke mbele ya kusoma. Mwaka wa masomo 2023–2024, timu ya mupira ya shule yetu hapa Gisenyi ilicheza mechi 10. Tulipoteza 8, tukatoka sare 2. Ushindi hakuna. Tulifunga magoli 7, tukafungwa 31.

Wengi wetu ni wakimbizi kutoka Kivu ya Kaskazini, tunaishi huku na familia zetu. Lakini wachezaji watano walikuwa wanalala Goma. Kila asubuhi walivuka Petite Barrière, wakipishana na wamama wanaopeleka nyanya na viazi upande wa pili. Wanaoujua ule mpaka wameshaelewa shida ilikuwa wapi. Tangu Juni 2022 upande wa Kongo ulikuwa unafunga saa tisa za mchana. Na sisi mechi zetu zilianza saa nane.

Kipa wetu alikuwa mmoja wa wale watano. Ikifika saa nane na nusu anaanza kuangalia barabara. Mapumziko yakipigwa, anavua glavu, anampa beki wa kushoto, anaenda. Siku moja tulikuwa tunaongoza 2-0 alipoondoka. Tulipoteza 5-2. Wengine wetu tulimfuata mpaka njiani tukimpigia kelele: "Weye ni mutoro! Unakimbiaka wenzako!" Hakujibu. Alikaza mwendo tu, juu bariere haingojei mutu.

Februari 2024 mapigano yakafika Sake, karibu kabisa na Goma. Wawili kati ya wale watano wazazi wao wakawakataza kuvuka. Kuna mechi tuliingia uwanjani tuko tisa. Tukazidi kugombana.

Ni kapteni aliyetunyamazisha. Alisema: "Sisi ndio tuko na karatasi imeandikwa mkimbizi. Sasa tunamwita huyu mutoro kwa sababu gani?" Hakuna aliyejibu. Halafu akamgeukia kipa, akamuuliza swali ambalo hatukuwa tumemuuliza msimu mzima: ukichelewa, inakuwaje?

Akatusimulia. Mnakumbuka ile sare ya kwanza, ya 1-1, siku tuliimba mpaka sauti zikakauka? Siku hiyo alibaki mpaka filimbi ya mwisho, akaokoa mpira wa dakika za mwisho, tukambeba mabegani. Alipofika bariere ilikuwa imefungwa. Alilala kwa watu asiowajua. Simu yake haikuwa na chaji. Mama yake kule Goma alikaa macho usiku wote akidhani mtoto amekufa. Sisi tulikuwa tumelala vizuri, tukiota ushindi.

Tulimwomba msamaha. Kusema kweli, wengine tuliona haya hata kumwangalia.

Wiki ile ile tulienda kwa mkuu wa shule, tukaomba mechi ya mwisho ichezwe Jumamosi saa tatu za asubuhi. Ilichukua dakika kumi kukubaliwa. Dakika kumi tu, ndugu zangu, na tulikuwa tumeteseka miezi. Siku hiyo wale wawili waliokatazwa nao walikuja. Tulikuwa 11 mpaka mwisho. Tulipoteza 2-1, na kipa alivua glavu baada ya filimbi, kama makipa wote.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita ikaingia Goma. Kipa wetu alivuka na mama yake, godoro kichwani, na usiku ule familia yao ililala nyumbani kwa kapteni. Safari hii hakuna aliyemuuliza kwa nini anakimbia.

Hili tunawaambia vijana wenzetu na nyinyi mnaotusaidia kupanga michezo na mafunzo. Jezi tunazipenda, asante sana. Lakini kabla ya kuandika saa kwenye ratiba, muulizeni kila mutoto: nyumbani unatakiwa ufike saa ngapi?