Paka wa Ghala la Sukari

Jumatatu, 8 Januari 2024
Leo tumeanza upya matayarisho ya kumpeleka paka wangu, Sukari, Ubelgiji. Daktari wa kwanza alimchanja mwezi wa Novemba kabla ya kumwekea chipu, na kwa kanuni za Umoja wa Ulaya chanjo hiyo haihesabiki. Chipu kwanza, ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa, ili ijulikane kwamba paka aliyechanjwa ni huyu na si mwingine. Miezi miwili imepotea bure. Niliumia, lakini siwezi kuilaumu kanuni: miaka yote hii bandarini nimekuwa nikirudisha mzigo ambao namba yake haifanani na hati. Daktari wa leo ameichoma ile sindano nene ya chipu chini ya ngozi ya shingo, kifaa kikasoma tarakimu 15, kisha akamchanja. Sukari hakulia.

Jumatatu, 12 Februari
Siku 35 tangu achanjwe. Kanuni inataka zisipungue 30. Ametolewa damu, majimaji yake yakatengwa na kwenda Ulaya kwenye kisanduku cha barafu, katika maabara iliyoidhinishwa. Kinga lazima ifikie uniti 0.5 kwa mililita. Hata akifaulu, tutangoja miezi mitatu kuanzia leo, kwa sababu Burundi haimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo hicho.

Mama, kule mtaani kwake Buyenzi, ameniambia: “Mwanangu, paka ni wa nyumba, si wa mtu. Niachie mimi, wewe nenda kwa mumeo Ubelgiji.” Sikumjibu. Sukari hakuzaliwa katika nyumba yoyote. Mwaka 2021 tulikuwa tunashusha sukari kutoka bandari ya Mpulungu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mpagazi akainua gunia, akamkuta, macho hayajafumbuka vizuri. Alivuka ziwa lote bila mama wala karatasi. Nilimnywesha maziwa kwa kitambaa.

Jumapili, 21 Aprili
Jibu la maabara: 1.8. Amefaulu!
Ila furaha haikukaa. Ziwa Tanganyika limepanda mno, kule Gatumba watu wanahama na magodoro kichwani. Mimi nahesabu siku za paka wakati wenzangu hawajui watalala wapi. Jioni nimepeleka mablanketi mawili.

Jumatatu, 13 Mei
Cheti cha afya kimesainiwa na kugongwa muhuri na daktari wa mifugo wa serikali. Kinadumu siku 10 tu hadi kufika. Miezi mitatu ilitimia jana, tunaruka kesho. Nimezihesabu siku hizi mara tatu, kwa vidole.

Jumanne, 14 Mei
Alfajiri nimempitisha bandarini ndani ya kisanduku chake. Wapagazi wameacha magunia ya saruji, wakaja mmoja mmoja kumgusa pua kupitia wavu. Mzee wao akasema, “Dada, mtunze, huyu ni mwenzetu.”

Ndege ni usiku. Wameniomba niwatafutie paka mwingine kabla sijaondoka, maana panya wa ghalani hawangoji.