Chumvi ya Pangani na Maji ya Mwika



Sisi wa Mwika huona kwamba bahari ni jambo la watu wa Tanga. Lakini maji yetu huteremka kuelekea Himo, huingia Mto Ruvu, na katika bwawa la Nyumba ya Mungu (jina zuri lililoje!) hukutana na Kikuletwa. Hapo unazaliwa Mto Pangani, unaopita Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi.

Mwaka juzi nilifika mjini Pangani. Mzee mmoja mwenye minazi kando ya mto, aliposikia natoka Kilimanjaro, aliniuliza, "Padre, huko juu mnayafunga maji?" Hakuwa akitania. Mto unapopungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuyafikia mashamba. Ukuta uliojengwa pale mjini huzuia mawimbi, nao ni kazi njema. Chumvi ipitayo mlangoni mwa mto hairudishwi na ukuta. Hurudishwa na maji baridi yanayoshuka, na sehemu ya maji hayo hutoka kwetu.

Hapo ndipo penye ugumu. Mambo ya tabianchi huratibiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais. Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Wavuvi wanaitazama halmashauri. Na mto unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake makuu hapa Moshi. Basi ofisi yenye neno juu ya mto wa mzee yule iko karibu nami kuliko naye! Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka maji ya mahitaji ya watu na ya uhai wa mto yatengwe kwanza. Ni sheria nzuri. Ila jumuiya za watumia maji za juu hukaa juu, na za chini hukaa chini.

Wazee wetu wa mifongo walipanga zamu, na mwenye kihamba cha mwisho naye alihesabiwa. Sisemi mkulima wa Mwika ndiye mkosaji. Yako mashamba makubwa ya tambarare, na mvua zenyewe zimebadilika. Nauliza tu ni nani amemhesabu mwenye minazi wa Pangani katika zamu hiyo. Kabla ya kiangazi, wenyeviti wa mifongo wapeleke Moshi ombi moja: tuelezwe ni maji kiasi gani yanayopaswa kufika baharini, na watu wa Pangani wawepo kikaoni tunapoelezwa.