Nyasi Chini ya Miembe ya Rumonge

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea kusini hufuata Ziwa Tanganyika kilomita zaidi ya 70, milima kushoto na maji kulia, hata akafika Rumonge, mji wa michikichi na samaki. Mwaka 2024 ziwa lilifurika likawatoa watu katika nyumba za ufukweni. Hivyo pakavu penye kivuli ni mali ya kutunzwa. Lakini kivuli cha mwembe ni baraza, na nyasi zake hufa mapema. Mti hulaumiwa, na kweli huficha jua. Mguu nao hushindilia udongo ukawa kama sakafu, mvua isizame, bali iuchukue udongo hadi ziwani.

Mwembe usikatwe. Yapunguzwe matawi ya chini, udongo utifuliwe kwa uma bila kujeruhi mizizi minene, na yatandazwe mabaki ya mikungu ya chikichi yaliyooza. Mvua za Oktoba zikishika, zipandwe nyasi za majani mapana zivumiliazo kivuli. Ukoka, hodari wa juani, hapo hukonda. Watu wasipite kwa miezi miwili. Njia yao ya mkato imwagwe kokoto, kwani hata kambini haijapata kuzuiwa kwa amri. Shinani yaachwe majani makavu tu.