Oili ya Maisha

Mzee alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na lugha yake ya gereji ilibaki kuwa ya huko: spana, jeki, gasketi, giaboksi. Kiarabu cha Maskati alikitumia ofisini na msikitini, lakini gari alilisema kwa Kiswahili. Siku ile katika gereji moja ya Wadi Kabir, fundi kijana kutoka Kerala alimwonyesha kwenye simu kuwa oili ya giaboksi ya gari lake ni ya maisha yote na haihitaji kubadilishwa. Mzee akamgeukia mpwawe.

"Maisha ya nani?"

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko lilivyosikika. Wanawe walikuwa wamekwisha kuamua kwamba gari hilo, jeupe, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, litakuwa la mwisho. Likifa, hatanunuliwa jingine. Atapelekwa anakotaka kwenda, kwa siku na saa watakazozipanga wengine. Na alikotaka kwenda ni kwa dadaye, Bidiya, ukingoni mwa mchanga wa Wahiba, mahali ambapo lami huishia kabla ya nyumba kuanza. Ndugu wawili hao ndio waliobaki kusemezana kwa Kiswahili cha utoto wao. Kwa hivyo suala la chujio la oili lilikuwa pia suala la nani atamtembelea nani.

Ishara ilikuja majira ya baridi yaliyopita. Walikuwa katikati ya mchanga laini, mpwa akiwa pembeni, injini ikanguruma na gari lisisogee. D imewekwa, magurudumu yametulia kama yamefungwa kamba. Mpwa alitaka kupiga simu. Mzee alizima injini, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akanywa polepole. Baada ya kiasi cha dakika ishirini aliwasha tena, na gari likaenda kana kwamba halikuwa na neno.

Mpwa, ambaye ni mhandisi wa majengo, alisema ni joto. Hakukosea, ila hakumaliza. Katika gari la otomatiki oili hailainishi vyuma tu. Ndani ya kile chombo cha mviringo baina ya injini na giaboksi, ambacho mafundi hukiita konvata, oili ndiyo inayobeba nguvu ya injini. Na shinikizo lake ndilo linalobana klachi na kubadilisha gia. Juu ya mchanga, gari likienda polepole huku injini ikikazana, konvata huikoroga oili na nguvu nyingi hugeuka moto. Ndiyo sababu wajuzi wa jangwani hupunguza upepo wa matairi na kutumia gia nzito kabla ya kuzama, si baada ya kuzama. Oili iliyozoea nyuzi 80 au 90 za Selsiasi, ikipita 120 mara kwa mara, huanza kuungua: wekundu wake hugeuka kahawia, na harufu yake huwa kama ya mkate uliosahauliwa jikoni.

Lakini gari lililopumzika kidogo likafufuka hutia shaka nyingine, na mzee aliieleza kwa kifumbu. Nazi iliyokunwa hutiwa ndani, hukamuliwa, tui likatoka na machicha yakabaki. Chujio la giaboksi hufanya kazi hiyo hiyo, isipokuwa limefichwa. La injini liko nje, hufunguliwa kwa mkono. Hili limo ndani ya sinia la chini, nyuma ya gasketi na bolti nyingi ndogo, na katika gari la mzee hata kijiti cha kupimia oili hakuna. Uchafu ukizidi, pampu hunyonya, uchafu hujibana juu ya chujio, oili isipite. Injini ikizimwa, baadhi yake huanguka, na pampu hupata tena cha kunywa. Hakuna mpishi wa Unguja, alisema mzee, anayekamua nazi ya leo juu ya machicha ya jana.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba watu wa pwani wana ukaribu na oili hii ambao wengi wao hawaujui. General Motors ilipoleta Hydra-Matic mwaka 1939, kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, enzi ya otomatiki za kuuzwa kwa wingi ilianza. Na kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili za giaboksi zilitiwa mafuta ya nyangumi wa spemu. Huyo ndiye nyangumi wa ambari, ile ambari iliyookotwa fukweni, Afrika Mashariki na Omani, ikauzwa kwa bei ya dhahabu. Marekani ilipomkinga mnyama huyo kwa sheria, wakemia walitafuta badala yake. Mzee alipoambiwa habari hii alicheka sana.

Fundi alikuwa na hofu yake, nayo haikuwa ya kipuuzi. Kila gereji ina hadithi ya giaboksi kongwe iliyobadilishwa oili ikafa wiki iliyofuata. Aghalabu mgonjwa huyo hufikishwa akiwa mahututi, klachi zimekwisha kulika, na dripu ndiyo inayolaumiwa. Lakini ni kweli pia kwamba oili mpya yaweza kulegeza uchafu uliokuwa umetulia. Mpwa alishauri waliache. Mzee alinyamaza, kisha akamwambia, "Mama yako ana miaka themanini na moja. Fungua, mwanangu," na neno la mwisho lilikuwa la fundi, kwa Kiarabu.

Sinia liliteremshwa polepole. Oili ilikuwa nyeusi. Juu ya sumaku zilizokaa chini palikuwa na uji wa kijivu, laini kama wanja, na mzee aliusugua baina ya vidole viwili kwa muda mrefu, akitafuta chembe ngumu. Uji ni uzee. Vipande vya chuma ni kifo. Hakukuta vipande. Chujio lilikuwa limevaa utando mzito. Wakaweka jipya, wakafunga bolti kwa zamu, kidogo kidogo, maana sinia likikazwa kwa hasira hupinda na kuvuja. Kwa kuwa sehemu kubwa ya oili kongwe hubaki ndani ya konvata, walikubaliana kurudia baada ya kilomita elfu moja.

Kilichobaki ni kipimo. Injini ikinguruma taratibu, fundi alingoja oili ifike joto lililoandikwa, akafungua kizibo cha chini. Mchirizi mwekundu ulitoka. Mzee alichuchumaa kando, simu sikioni, dada akimuuliza atafika lini. "Subiri," alimwambia, akitazama mpaka mchirizi ulipogeuka matone. "Ijumaa."