Kashata na Mwasho Wake

Kashata, mbwa wetu mdogo mweupe, hakuwa ametimiza mwaka alipoanza kujilamba miguu usiku kucha. Manyoya ya vidoleni yakageuka rangi ya kutu kwa mate, masikio yakawa mekundu na kutoa harufu ya chachu.

Miaka hiyo pale Sakina, Arusha, mbwa akijikuna ilisemwa ana upele, basi. Dawa ilikuwa ile ya kuogeshea ng'ombe, inayopimwa kwa kizibo. Majirani wakawakataza watoto wao kumgusa. Bwana mifugo akaitwa, akachoma sindano, mwasho ukatulia, nasi tukalala. Baada ya muda ukarudi, na sindano ikarudi. Sindano hizo zikaandamana na kiu isiyokatika, ulafi na mikojo sebuleni, kama zilivyo dawa za jamii ya prednisoloni zikirudiwarudiwa.

Mambo yalianza kubadilika kwa daktari wa mifugo kijana. Kabla ya dawa yoyote, alikwangua ngozi kwa wembe mpaka damu ikachungulia, akaweka alichokipata kwenye kioo chenye tone la mafuta, akainamia hadubini.

"Baba, utitiri wa upele siuoni," alisema. "Nahisi ni mzio. Tutaondoa kimoja kimoja mpaka tujue."

Tulianza na viroboto. Kumbe mbwa mwenye mzio hawashwi na wingi wao. Mate ya wachache tu yanamtosha. Na kwa kuwa mayai huangukia zuliani na matandikoni, hata paka alipewa dawa, na nyumba nzima ikafagiliwa mpaka chini ya makochi. Kikafuata chakula: wiki 8 za nyama ya sungura na viazi peke yake. Kazi kubwa haikuwa kumlisha Kashata, ilikuwa kuwazuia wageni wasimdondoshee minofu ya kuku. Mwasho ulipungua, haukuisha. Yakabaki mavumbi ya ndani na chavua za nyasi, vitu ambavyo hakuna awezaye kuvihamisha duniani.

Hapo ugonjwa ulitoka mikononi mwa mchoma sindano ukaingia katika ratiba ya nyumba. Akitoka bustanini anafutwa miguu. Tandiko lake linafuliwa kwa maji ya moto. Siku ya kuoga, povu la shampuu yenye klorheksidini linaachwa mwilini dakika 10, na binti yangu ndiye anayemshika huku akimwimbia. Vidonge vya oklasitinibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, navyo vilitufikia. Hutuliza mwasho bila ile kiu, lakini bei yake inauma, kwa hiyo daktari alitupangia tuvitumie masika, hali inapochachamaa.

Sasa majirani walewale hunijia na mbwa wao wanaojikuna. Sitaji dawa. Nauliza kwanza mbwa analala wapi, anakula nini, na paka wa nyumba hiyo alipewa lini dawa ya viroboto. Kisha nawaelekeza kwa daktari mwenye hadubini.