Sufuria Moja, Watoto Watano: Kupika Penye Mzio



Wengi wenu katika vikundi vyetu vya MUSO mmeniuliza namna ninavyonunua na kupika, maana mnajua kuna watoto wawili nyumbani kwangu ambao si kila chakula ni chao. Binti yangu wa miaka 8 hawezi kula karanga, hata chembe. Mdogo wake wa miaka 3 akila mayai anatoka vipele na kutapika. Wengine watatu wanakula kila kitu, na baba yao pia. Sufuria ni moja na mfuko wa pesa ni mmoja. Nimeombwa niandike tunavyofanya, na nimekubali, kwa sababu nadhani watoto wa namna hii wapo katika mitaa yetu, ila tunawapa ugonjwa wao jina lisilo lake.

Jina lenyewe ni mzio. Wanaotoka kwa daktari wanasema alerji. Mwili wa mtoto unakiona chakula kizuri kama adui, unapigana nacho, na vita hivyo ndivyo vinavyomuumiza yeye mwenyewe. Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi vinajulikana: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, soya, ngano, samaki, kamba na kaa, korosho na jamaa zake, na ufuta. Kwa kawaida dalili zinakuja haraka, toka dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Na chakula si lazima kiwe kimeharibika. Karanga safi zilizokaangwa vizuri zitamdhuru binti yangu sawasawa na zile mbichi.

Kabla ya kusema karuho

Hapa Bukavu, mtoto akila kwa jirani kisha mdomo ukavimba, neno la kwanza linalotoka ni karuho. Nyote mnalijua neno hilo, na mnajua linavyovunja mtaa.

Binti yangu alikuwa na miaka 3. Alikula bugali na sombe kwa jirani yetu, mama ambaye tulisaidiana naye mambo yote, kuanzia chumvi hadi kubebeana watoto. Sombe ile ilitiwa karanga za kutwanga, kama sisi sote tunavyopika. Robo ya saa haikufika: midomo ikavimba, mwili ukajaa vipele, akaanza kukohoa na sauti ikakauka. Wanawake walijaa uani. Mmoja alileta kijiko cha mawese ili mtoto anywe atapike sumu. Mwingine alitaja mzee anayetibu karuho kule juu ya kilima. Baba yake alimbeba, akapanda pikipiki mpaka kituo cha afya. Muuguzi alisikiliza kifua, akamchoma sindano ya adrenalini kwenye paja, na baada ya muda mfupi mtoto akapumua. Baadaye katika lopitali kubwa daktari alituuliza kila alichokula siku ile na siku za nyuma, mpaka tukafika kwenye karanga.

Lakini mtaani hukumu ilikuwa imeshatolewa. Jirani yetu aliacha kuja kwenye mkutano. Watoto wake walibaki peke yao. Siku mbili baada ya kutoka lopitali, mimi na baba watoto tulikwenda kwake mchana, watu wote wakiona. Tuliketi uani kwake, tukanywa chai yake. Mkutano uliofuata nilisimama nikaeleza neno alilotuambia daktari. Haikuwa rahisi, na wengine hawakuamini siku ile. Leo nikisafiri, mtu wa kwanza ninayemwachia binti yangu ni mama huyohuyo.

Sisemi kwamba duniani hakuna mtu mbaya. Nasema hivi: mtoto akivimba baada ya kula, iwe ni sumu au ni mzio, njia ni moja, lopitali kwanza. Mtoto ambaye koo linaziba akinyweshwa mafuta, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Dakika zinazopotea kwa kupanda kilima kutafuta mzee ndizo ambazo sindano ingefanya kazi. Na jirani aliyetajwa bure hana dawa ya kumrudishia jina lake.

Sokoni

Nanunua Kadutu kama wengi wenu, na nimejifunza kutazama mambo ambayo zamani hatukuyatazama.

La kwanza ni kikopo. Muuzaji mmoja anapima karanga, maharage, mchele na unga kwa Guigoz ileile. Maharage na mchele vinaoshwa kabla ya kupikwa, basi hapo hofu yangu ni ndogo. Unga hauoshwi. Kwa hiyo unga naununua kwa mama asiyeuza karanga kabisa, na ninakuja na kikopo changu. Mwanzoni alicheka. Sasa akiniona ananyosha mkono akipokee.

La pili ni sombe. Ile iliyokwisha kusagwa inaokoa muda, lakini sijui mashine ilisaga nini kabla yake. Nanunua majani mazima na kuyatwanga nyumbani.

La tatu ni masoso. Tunajua ni unga mzuri kwa uji wa watoto: mahindi, mtama na soya. Lakini kuna wanaoongeza karanga ili uji uwe na nguvu, na kwa macho hutaziona. Ninanunua nafaka zangu, nazichambua, napeleka kwenye mashine ambayo haisagi karanga. Mashine inayotengeneza pindakasi siikaribii, hata ikiwa karibu na nyumbani.

La nne ni biskuti na vitu vya paketi. Bidhaa zetu zinatoka nchi nyingi, na maandishi yanakuja kwa Kifaransa au Kiingereza. Mama asiyesoma lugha hizo anaweza kukariri sura ya maneno machache tu. Kwa karanga tafuta «arachide», «cacahuète», «peanut» au «groundnut». Kwa mayai tafuta «œuf» au «egg». Ukiona «traces» mbele ya neno hilo, maana yake kidogo chake kinaweza kuwa kimeingia kiwandani. Mtoto wako anayesoma shule ya msingi anaweza kukusaidia. Binti yangu mwenyewe ndiye msomaji wetu, na hakosei. Paketi isiyo na maandishi, au iliyofunguliwa na kuuzwa mojamoja, tunaiacha.

La tano ni mandazi na vitu vya kukaanga njiani. Mayai yanaweza kuwamo ndani ya unga, na karanga zinaweza kuwa zimepita katika mafuta yaleyale. Hayo tunapika nyumbani, bila mayai. Unga wa ngano, sukari, hamira, maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo vinatosha, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Jikoni

Uamuzi wetu mkubwa ulikuwa huu: sipiki sufuria mbili. Makaa ni ghali, na mtoto anayepikiwa peke yake kila siku anaanza kujiona kama mgonjwa au mgeni. Sufuria ya nyumba haina karanga, basi. Wote wanakula sombe ileile.

Swali ni nini kinachukua nafasi ya karanga, maana karanga ni nyama ya mtu asiye na pesa ya nyama. Kwetu ni mbegu za maboga. Nazikausha, nazikaanga kidogo bila mafuta, nazitwanga na kuzitia kwenye sombe au lengalenga kama nilivyotia karanga. Mchuzi unakuwa mzito na mtamu. Siku nyingine natia sambaza wachache wakavu. Maharage tunakula mara nyingi. Karanga ni jamaa ya maharage, lakini watoto wengi wenye mzio wa karanga wanakula maharage bila shida, na wangu ni mmoja wao. Wakati wa avoka, kila mtu anapata kipande. Ila chakula kipya kwa mtoto wa namna hii nakianza kwa kidogo, mchana, siku ambayo tuko wote nyumbani, na kwanza namuuliza daktari.

Kinu kilikuwa tatizo. Mti unanywa mafuta ya karanga, na kuosha hakutoshi. Kile cha zamani tulimpa shangazi, tukanunua kidogo kipya.

Mayai hatujayaondoa nyumbani, kwa sababu wale wengine wanayahitaji. Nayachemsha na maganda yake, wanakula, kisha wananawa. Kunawa ni kwa sabuni, si maji matupu, na mdomo pia. Baba yao akila karanga kazini ananawa hivyohivyo kabla ya kumshika binti yake.

Halafu kuna sahani. Watoto wetu wanakula pamoja kwenye sahani moja kubwa, na ni desturi nzuri. Nyumbani, ambapo chakula ni kimoja, wanaendelea hivyo. Tukiwa nje, binti yangu ana sahani yake ya njano, na hakuna mkono mwingine unaoingia humo.

Mama mkwe wangu mwanzoni hakukubali. Alisema, «Sisi tumekulia karanga shambani, huyu ni mtoto wa namna gani?» Sikubishana naye. Nilimwomba twende pamoja kwa daktari, akasikia kwa masikio yake mwenyewe, akauliza maswali yake yote. Sasa ndiye anayesimama kwenye mlango wa kila arusi akiuliza wapishi, na mkwe wake naona aibu kabla yake.

Arusi, msiba, shule

Mtoto tunamlisha kabla ya kutoka, na bakuli lake linakwenda naye. Namweleza mwenye nyumba mapema, si mbele ya wageni: «Mama, chakula chako ni kizuri, ila huyu karanga zinamziba koo.» Sentensi hiyo inaondoa dharau.

Shuleni tulimweleza mwalimu na tukamwandikia karatasi yenye dalili na nambari zetu. Binti mwenyewe tulimfundisha kusema hapana kwa mtu yeyote anayempa kitu, hata mtu mzima. Kwetu mtoto kukataa chakula cha mkubwa ni kukosa adabu. Nyumbani tumekubaliana kwamba kwake hiyo ndiyo adabu.

Mambo ya afya msiyaache

Dalili za hatari ni hizi: midomo, ulimi au uso kuvimba, sauti kukauka, kukohoa au kupumua kwa filimbi, kutapika mfululizo pamoja na vipele, kulegea au kuzimia. Mtoto wa hivyo alazwe chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua mwacheni akae. Akitapika au akizimia, mlazeni kwa ubavu. Msimsimamishe wala msimtembeze. Mpelekeni mara moja akiwa amebebwa. Dawa yake ni adrenalini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Vidonge vya kuwasha vinapunguza vipele, lakini havifungui koo. Ulizeni leo, kabla ya shida, ni kituo gani karibu nanyi kina sindano hiyo usiku.

Mama ambaye mtoto wake amepungua uzito na anapewa Plumpy'Nut ajue kwamba paketi ile imetengenezwa kwa karanga. Ni chakula kinachookoa watoto wengi, msikiogope. Lakini kama mtoto aliwahi kuvimba kwa karanga, mwambieni muuguzi kabla hajaonja, atafutiwe njia nyingine.

Chanjo ya surua msiikwepe kwa sababu ya mzio wa mayai. Watoto wenye mzio huo wanaipata bila hatari, na kijana wangu aliipata.

Na neno kwa wamama ambao watoto wao hawana shida: msiwanyime karanga kwa hofu. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio katika hatari ya mzio, waliopewa karanga mapema, walipata mzio wa karanga mara chache kuliko walionyimwa. Mtoto apate maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha vyakula vya nyumba, na karanga ziwe zimesagwa vizuri, maana karanga nzima inamkaba mtoto mdogo. Mwenye ukurutu mkali au aliyewahi kuvimba kwa chakula chochote amwone daktari kwanza.

Kuna tumaini pia. Watoto wengi wenye mzio wa mayai wanaacha kuwa nao wakikua, na tunamngoja mdogo wetu. Wa karanga wengi wanakaa nao, na dada yake anajua hivyo.

Ninachowaomba ni swali moja tu tulizoee katika vikundi vyetu: «Mama, umetia nini ndani?» Mji wetu umeogopa swali hilo kwa sababu linasikika kama kumshitaki mtu. Tuanze kuliuliza kwa sauti, mbele ya wote, na kulijibu bila kukunja uso. Mkutano ujao, kila atakayeleta chakula ataje vilivyomo kabla hatujaanza kula. Mimi nitaleta sombe ya mbegu za maboga, na mama jirani yangu amesema ataleta mandazi.