Jina Kwenye Kichwa cha Gitaa

Gitaa la besi la kwanza kulishika maishani mwangu lilikuwa limeandikwa FENDER kichwani, kwa rangi nyeupe ya mafuta, na ile R ya mwisho ilikuwa imeinama kidogo kama mtu aliyechoka kusimama. Nilikuwa kidato cha kwanza. Aliyeziandika herufi zile alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo, amevaa kandambili, penseli nyuma ya sikio, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa baba mdogo.

Kibanda chake kilikuwa Lizaboni, hapa Songea, na mlangoni palikuwa na kibao cha FUNDI REDIO. Magitaa yalimjia kwa bahati. Mpiga besi wa kwaya fulani alimletea gitaa lililonyamaza ghafla, naye alipolifungua hakukuta muujiza wowote: sumaku, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, vitufe vya kupandishia sauti, tundu la kuchomekea waya wa spika.

"Kumbe hii ni redio isiyo na habari," alisema.

Vitu hivyo vyote alikuwa navyo kwenye makopo ya maziwa. Kilichopungua ni mbao, na mbao mkoani Ruvuma haijawahi kuwa shida. Ndivyo alivyodhani.

Besi yake ya kwanza aliitengeneza kwa mninga alioununua ungali mbichi, wakati wa mvua. Ilipofika Juni, baridi kavu ya Songea ilipoanza kuuma, shingo ikapinda kama upinde. Nyuzi zikanyanyuka juu ya freti kiasi kwamba kidole kililazimika kushuka kama ndoo kisimani. Akaichoma. Baada ya hapo mbao zake zilikaa darini, juu ya jiko la mama mdogo, zikila moshi mwaka mzima na zaidi kabla hajazigusa. Mama mdogo alilalamika kwamba dari ya watu wengine ina mahindi.

Kisha zikaja freti, ambazo alizikata kutoka kwenye spoku za baiskeli. Shida haikuwa chuma, ilikuwa hesabu. Uzi wa besi ya kawaida, kutoka kichwani hadi kwenye daraja la chini, una urefu wa inchi 34, yaani takriban milimita 864. Unaugawa urefu huo kwa 17.817 kupata mahali pa freti ya kwanza: milimita 48 na nusu. Unachukua urefu uliobaki, unaugawa tena, na tena, mara ishirini. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa ya uzi. Ikikosa, umekosea mahali fulani huko nyuma, na besi nzima itaimba uongo.

Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kikokotoo tulichoazima dukani kwa jirani. Nilimsomea namba, naye akaziandika kwenye daftari kwa mwanga wa kibatari. Usiku mmoja tulifika freti ya 12 tukakuta tumepotea kwa milimita tatu. Hakufoka. Alifunua ukurasa mpya akasema, "Soma tena kutoka mwanzo, mwanangu."

Kwa ubao wa juu wa shingo, pale vidole vinapokanyaga, alitumia mabaki ya mpingo aliyoyapata kwa wachongaji. Mpingo unaota kwenye misitu ya mkoa wetu, upande wa Namtumbo na Tunduru, na ndio mti ambao Ulaya wanatengenezea klarineti na obo. Nyuzi na vikazio vyake ndivyo hakuweza kuvitengeneza. Vilitoka Dar es Salaam kwa basi, na seti moja ya nyuzi za besi ilimgharimu zaidi ya mbao zote za gitaa.

Watu walimheshimu. Wapiga magitaa walitoka hata Mbinga kumletea vyombo vibovu, wakamwita "fundi" kwa sauti ya watu waliovua kofia. Lakini heshima hiyo iliishia kwenye matengenezo. Kwaya moja ilimwagiza besi, ikalipa nusu. Siku ya kuichukua, kiongozi wao aliigeuza, akaisifu, akaipiga, kisha akatazama kichwani pakiwa patupu.

"Mbona haina jina?"

"Ni ya kwangu," baba mdogo akajibu.

Waliondoka bila gitaa, wakadai pesa yao. Kesho yake alinunua kopo dogo la rangi nyeupe. Besi ileile, ikiwa na jina jipya, iliuzwa mwezi huohuo.

Miaka miwili baadaye shule yetu iliazima besi hiyo kwa mahafali, na baba mdogo akaja kufunga spika. Rafiki yangu aliniuliza imetoka wapi. Nilikuwa na kila sababu ya kusema ukweli, namba zile nilizibonyeza mwenyewe. Nikasema, "Marekani." Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa nyuma yangu, ameshika waya. Akapita, akauchomeka mahali pake.

Neno lile lilinikaa kooni hadi chuoni Dar es Salaam, na nadhani ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za huyo Fender mwenyewe. Leo Fender alizaliwa California mwaka 1909. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto. Alisomea uhasibu, akapoteza kazi wakati uchumi wa dunia ulipoanguka, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Fundi redio! Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme lililobadilisha muziki wa dunia, na hadi anakufa hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Ugonjwa ulimwandama miaka mingi, naye akiamini hana muda mrefu, mwaka 1965 akaiuza kampuni yake kwa kampuni ya CBS kwa dola milioni 13. Kisha akapona.

Alirudi kwenye ufundi, lakini jina alikuwa ameliuza pamoja na mashine. Kampuni yake ya mwisho iliitwa G&L, G ya mwenzake George, L ya Leo. Aliendelea kwenda karakana mikono ikitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, akafariki Machi 1991. Gitaa alizotengeneza mwenyewe uzeeni hazikuweza kuandikwa Fender.

Likizo ile nilimkuta baba mdogo kibandani, macho yameanza kufifia. Nilimpa shikamoo, nikamsimulia yote. Akacheka hadi akakohoa.

"Kwa hiyo mwenye jina kakatazwa, mimi wa Lizaboni naandika bure?"

Nikamweleza pia juu ya Socklo, fundi wa Kinshasa ambaye magitaa yake yanajulikana kwa jina lake mwenyewe. Akanyamaza kwa hilo. Ndipo nikapata ujasiri wa kutaja yale mahafali.

"Nilisikia," alisema. "Ndiyo siku niliyojua kwamba imetoka vizuri."

Besi ile ilikuwa ukutani, imeletwa kubadilishwa nyuzi. Akaishusha, akafungua skrubu nne zinazoshikilia shingo, akaivuta taratibu na kunigeuzia kitako chake, sehemu inayojificha ndani ya mwili wa gitaa. Palikuwa na maandishi ya penseli: jina lake lote, la kwanza na la ukoo, namba 4, Songea. Nilikumbuka kwamba mafundi wa kiwanda cha Fender, miaka ya hamsini, nao walikuwa wakiandika herufi za majina yao kwa penseli mahali hapohapo. Sikumwambia. Nilikuwa nasoma mstari wa chini, ulioandikwa kwa herufi ndogo zaidi: jina langu, na neno "hesabu".

Akanipa bisibisi nirudishie shingo mahali pake.

"Zikaze kwa zamu," alisema. "Usimalize moja kabla ya nyingine."